Nisafishie Picha Yake

Mlango ulifunguliwa kabla hawajabisha mara ya pili, na mama wa mchumba wake akamkumbatia mtu asiyehusika.

Alimkumbatia mdogo wa mchumba wa mwanawe. Alimvuta kwa mikono yote miwili, akamtikisa huku na huku, akamwachia, akamtazama usoni, akamkumbatia upya. "Karibu mkwe wangu! Karibu mwanangu! Tumekusubiri mpaka shingo zimetuuma!"

Mdogo mtu alikuwa msichana mwembamba aliyekuja kwa kazi moja tu, kumsindikiza dada yake na kumbebea mfuko wa matunda. Alikodoa macho juu ya bega la yule mama. "Siyo mimi, mama," alisema kwa sauti iliyobanwa. "Ni dada."

Mikono ikalegea. Yule mama akageuka, akamwona msichana mnene wa gauni la buluu aliyesimama pembeni akitabasamu tabasamu la kujishikiza. Alimtazama yeye, akamtazama mdogo wake, akamrudia yeye.

"Oo," alisema. "Ndiye wewe? Karibu mwanangu. Karibu sana."

Akamkumbatia naye. Lakini kumbatio la kwanza lilikuja na furaha, na hili la pili lilikuja na adabu, na hakuna mwanamke asiyejua tofauti ya hivyo viwili. Msichana wa gauni la buluu alilipokea, akasema shikamoo, akaitikiwa, akavua viatu.

Nyumbani kwao walimwita Kibonyeo. Alizaliwa na shimo dogo kwenye shavu la kushoto, lile ambalo kwa wengine hutokea wakicheka, lakini kwake lilikuwa likitokea hata akitafuna, hata akifikiri. Alikuwa mtoto mnene, akawa binti mnene, na sasa alikuwa mwanamke mnene mwenye kazi yake, mshahara wake na mchumba aliyempenda hadi majirani wakachoka kusikia. Asubuhi hiyo alikuwa amevaa na kuvua kila gauni alilonalo kabla ya kubaki na hilo la buluu, kwa sababu mdogo wake aliapa kwamba linampunguza.

Mchumba mwenyewe, mpigapicha, alitoka chumbani mbiombio akiwa bado anafunga kifungo cha mkono. Alikuwa amesikia. "Mama naye na macho yake!" alisema, akicheka kile kicheko cha mtu anayetaka wenzake wacheke haraka mambo yaishe. "Msimjali, siku hizi haoni vizuri."

Kama kuna uongo ambao hakutakiwa kumwambia Kibonyeo, ni huo. Kibonyeo alikuwa mpima macho. Kazi yake, katika duka la miwani, ilikuwa kujua nani anaona na nani anajifanya.

Waliketi. Chai ikamiminwa. Kwenye kiti kikubwa kuliko vyote alikaa shangazi, dada wa marehemu baba wa mpigapicha, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kukaa bila kazi. Alimpima Kibonyeo kutoka kichwani hadi kwenye soksi, akashuka, akapanda tena.

"Una uzi begani, mwanangu," mama alisema kutoka upande wa pili wa sebule. "Hapo kushoto."

Kibonyeo akajigusa begani. Ulikuwa uzi wa buluu juu ya gauni la buluu. Yeye mwenyewe, na hayo macho yake ya kazi, hakuwa ameuona. Aliuokota taratibu, akamtazama mchumba wake, na mchumba wake akaanza kukoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari.

"Mnisamehe, mimi sijui kuficha," shangazi alisema, na kila aliyemfahamu akajiandaa. "Kwenye picha ulionekana mdogo mdogo. Au ndiyo umenenepa kwa raha za uchumba?"

"Wifi!" mama alimaka.

"Nimeuliza tu. Kuuliza kumekuwa vibaya?"

"Picha ipi, shangazi?" Kibonyeo aliuliza.

"Si hiyo hapo nyuma yako."

Kibonyeo akageuka. Ukutani, kati ya picha ya marehemu baba aliyening'iniza kamera kifuani na picha ya mpigapicha akiwa kijana wa shule, ilikuwepo picha mpya kwenye fremu ya mbao nzuri, imefutwa vumbi ikafutika. Gauni la njano lilikuwa lake. Hereni zilikuwa zake. Hata ule ukuta wa maua nyuma aliukumbuka, na aliikumbuka siku yenyewe, jinsi mpigapicha alivyochuchumaa kwenye majani akisema "cheka kidogo, mpenzi, cheka kidogo," kama anavyowaambia wateja wake wote, naye akashindwa kucheka kidogo, akacheka mpaka akashika mbavu.

Aliyecheka pale ukutani alikuwa mtu mwingine. Shingo yake ilikuwa ndefu. Mikono yake ilikuwa myembamba, na kiuno kimeingia ndani kama kimeviringwa kamba. Mashavu yalikuwa laini, yameteremka moja kwa moja hadi kidevuni. Kibonyeo hakikuwepo.

Na kweli, mtu akitazama picha ile haraka, alikuwa amefanana zaidi na mdogo wake.

Hakulia. Alikunywa chai yake hadi mwisho, akajibu maswali ya kwao wako wangapi na kazini anatoka saa ngapi, akasifu mapazia. Mpigapicha alikuwa akimtafuta kwa macho, na kila alipomkaribia, macho ya Kibonyeo yalihamia kwenye mapazia. Walipoaga, mama aliwasindikiza hadi getini, akamshika mkono akawa hajui aufanyie nini.

"Mwanangu, nimekukosea pale mlangoni."

"Hujanikosea, mama," Kibonyeo alisema. "Macho yako ni mazima kabisa."

Njiani mdogo wake alipiga kijiwe kwa kiatu hadi kona ya pili. Kisha akasema, "Dada, mimi pia najipunguza."

"Unajipunguza nini wewe, mfupa mtupu?"

"Kwenye simu. Kabla sijaweka picha. Pua naipunguza, miguu nairefusha, ngozi naing'arisha. Wenzangu wote wanafanya. Juzi mtu aliniambia mtandaoni mimi ni mzuri, nikafurahi, halafu nikakumbuka kwamba hanijui."

Kibonyeo alisimama katikati ya njia akamtazama huyu mtoto ambaye yeye mwenyewe, usiku mwingine, alikuwa akitamani mwili wake. Alimshika mkono wakaendelea kutembea.

Kesho yake, baada ya kazi, alikwenda studio.

Ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la maporomoko ya maji kwa nyuma, kiti cha kuzunguka, miavuli ya taa, na mezani kompyuta ambayo mpigapicha aliipenda pengine baada ya mama yake tu. Alipomwona Kibonyeo mlangoni alisimama haraka hadi kiti kikagonga ukuta.

"Nimekupigia simu mpaka nimechoka."

"Niliona."

"Kaa basi."

"Sikai. Nataka uniambie kitu kimoja. Ile picha uliifanya nini?"

Mpigapicha alijikuna shingo. "Nilikusafisha tu."

"Ulinifanya nini?"

"Nilikusafisha. Kidogo. Ndivyo tunavyosema kazini."

"Kwani nilikuwa na uchafu gani?"

Kwa miaka yote ya kazi yake mpigapicha alikuwa ametamka neno lile kama watu wanavyotamka hodi, na hakuna mtu aliyewahi kulishika akamrudishia mkononi namna hiyo.

"Mpenzi, ni neno la kazi. Kila picha inasafishwa. Anakuja bibi harusi, unamsafisha. Anakuja mzee wa picha ya kitambulisho, unamsafisha. Na mama mwenyewe ndiye aliyeniagiza. Aliniambia, nisafishie picha ya mchumba wako niitundike. Nikaisafisha."

"Kwa hiyo mama naye aliona nisafishwe."

"Hakuwa amekuona!"

"Basi alijuaje kwamba nahitaji kusafishwa?"

Alikuwa amesema haketi, lakini miguu ilikuwa imechoka tangu asubuhi, akashika ukingo wa meza. Hapo ndipo alipoiona kompyuta. Kwenye kioo kulikuwa na msichana mmoja mara mbili. Upande wa kushoto, ameinama, amenuna, tumbo limemwagika juu ya suruali. Upande wa kulia, amenyooka, anang'aa, kiuno kinashikika kwa kiganja. Katikati yao kulikuwa na pakiti ya kijani ya chai ya kupunguza mwili.

"Huyu namfahamu," Kibonyeo alisema taratibu.

"Nani asiyemfahamu? Yuko kila ukuta, yuko kila simu." Mpigapicha alishukuru kupata la kuzungumza. "Ni kazi yangu hiyo."

"Yako wewe?"

"Zote mbili nilizipiga asubuhi moja. Hiyo ya kabla nilimwambia alegeze tumbo, ainame, afikirie jambo baya. Hiyo ya baada nikamwambia abane pumzi, nikahamisha taa, nikamsafisha. Hata hiyo chai yenyewe hajawahi kuinywa! Alisema inanuka kama majani ya ng'ombe." Akacheka, akiomba na yeye acheke.

Kibonyeo alifungua mkoba wake, akatoa pakiti ya kijani iliyobakia nusu, akaiweka mezani mbele ya kompyuta.

"Inanuka hivyo hivyo," alisema.

Mpigapicha aliitazama pakiti, akamtazama yeye. "Tangu lini?"

"Tangu uliposema utanipeleka kwa mama."

"Ndiyo maana kila tukitoka unasema umeshiba."

"Ndiyo maana."

"Na siku ile ulipoyumba kwenye ngazi..."

"Nilikwambia ni viatu. Havikuwa viatu." Alinyoosha kidole kwenye kioo. "Huyu msichana yuko ukutani, ng'ambo ya duka letu. Kila asubuhi nikifungua mlango ananisalimia. Nilikuwa namwambia moyoni, kama wewe umeweza, na mimi nitaweza. Kumbe hakuna aliyeweza. Kumbe ni wewe na taa zako."

"Kwa nini hukuniambia? Ningekwambia ni uongo mtupu. Ningekwambia wewe ni..."

"Mimi ni nini? Mzuri? Si unaniambia kila siku. Mdomo unaniambia ni mzuri, mkono unaninyofoa mashavu. Nikuamini wapi, mdomoni au mkononi?"

Mpigapicha aliitazama mikono yake. Ilikuwa mikono mizuri, yenye vidole virefu, na siku zote Kibonyeo alipenda kuishika.

"Umezoea," alisema kwa sauti ndogo. "Mkono umezoea. Sitakudanganya, nilimfikiria shangazi na maneno yake, hilo lilikuwepo. Lakini naapa sikukaa chini nikasema huyu mwanamke ni mnene, ngoja nimpunguze. Nilikuwa naongea na simu huku mkono unakwenda wenyewe. Nilipomaliza wala sikutazama."

"Hilo ndilo linaloniuma. Ungekusudia, ningejua pa kukukasirikia. Umenifuta huku unaongea na simu."

"Kibonyeo..."

"Jina hilo mwite mwenye nalo. Yule wako hana." Alichukua mkoba, akaacha pakiti. "Muoe yule wa ukutani. Yule hali, hanywi, na hatamwaibisha mtu mlangoni."

Alitoka akiwa amenyoosha mgongo, na aliunyoosha hivyo hivyo mpaka alipopita kona. Baada ya hapo alilia kama watu wote wanavyolia.

Wiki ikapita, na nyingine ikaanza. Simu ya mpigapicha ililia, ikalia, kisha ikaacha kulia, na Kibonyeo akagundua kwamba aliyekuwa akikasirishwa na mlio sasa anakasirishwa na kimya. Alirudi kula. Mwanzoni kwa woga, akiangalia sahani kama inamchunguza, baadaye kwa njaa tu ya kawaida, na kizunguzungu kikamwacha. Vidole vyake, ambavyo vilikuwa vimeanza kutetemeka wakati wa kubadilisha lenzi, vikatulia. Lakini jioni alimkumbuka. Alikumbuka jinsi mpigapicha alivyokuwa akimsubiri nje ya duka akijifanya anatazama miwani dirishani, na jinsi alivyojaribu fremu za akina mama ili kumchekesha. Ng'ambo ya barabara msichana wa chai aliendelea kubana pumzi.

Siku moja, mchana, mlango wa duka ulisukumwa, akaingia mama. Alikuwa amevaa kama mtu anayekwenda kwenye shughuli, na kwapani alibana mfuko wa bapa.

"Shikamoo, mama," Kibonyeo alisema, akiinuka.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kupimwa macho. Mwanangu amenitangaza kwa watu kwamba sioni, nataka nijue."

Kibonyeo alimwongoza nyuma, kwenye chumba kidogo cha kupimia. Alimkalisha, akamziba jicho moja, akawasha taa ya ubao wa herufi. Mama alisoma mstari wa juu, akasoma wa pili, akashuka kama anateremka ngazi za kwake. Alifika mstari ambao wengi huanza kubahatisha, akaupita. Alisoma ule wa mwisho kabisa.

"Na chini yake hapo," alisema, "kwenye ukingo, kuna jina la kiwanda kilichotengeneza ubao. Nikusomee?"

Kibonyeo alijikuta anabana midomo asicheke. "Haina haja, mama. Unaona kuliko mimi."

"Najua." Mama alijifunua jicho. "Nilitaka tu kuzungumza na wewe hapa kwako, siyo sebuleni kwangu mbele ya wifi yangu. Kaa."

Kibonyeo alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu. Magoti yao yalikaribia kugusana.

"Mwanangu ameniambia mliyoambiana. Amenieleza na hilo neno. Sasa nisikilize. Marehemu mume wangu alikuwa anasafisha picha kwenye chumba cha giza, pale nyuma ya nyumba. Unaweka karatasi kwenye beseni la dawa, nyeupe, haina kitu. Unaitikisa taratibu. Mtu anaanza kutokea. Kwanza nywele, halafu macho, halafu mdomo. Mimi nilikuwa nakaa naye humo ndani kwenye taa nyekundu, tumeoana juzi, kila sura ikitokea tunapiga makofi kama watoto. Kwangu mimi kusafisha picha ndiyo huko. Hakuna kingine ninachokijua."

Aliuweka ule mfuko wa bapa magotini.

"Kwa hiyo nilipomwambia mwanangu anisafishie picha yako, nilitaka utokee. Nikuone. Yeye akasikia nikufute."

Machozi yalimjia Kibonyeo bila hodi. Mama alitoa leso, akamfuta mwenyewe, kwa nguvu kidogo, kama anavyofutwa mtoto.

"Na pale mlangoni, yule niliyemkumbatia hakuwa mdogo wako wala nani. Alikuwa yule wa ukutani. Nilikuwa nimemzoea. Asubuhi nikifungua dirisha namsalimia, namwambia habari za kwangu. Sasa nimemtoa." Alifungua mfuko wa bapa. Ndani kulikuwa na ile fremu nzuri ya mbao, tupu, kioo chake kimefutwa. "Wifi yangu ameniuliza yule msichana mwembamba kaenda wapi. Nimemwambia amerudi kwao."

Kibonyeo alicheka katikati ya kilio, ikatoka sauti mbaya isiyo na jina.

"Mwenye kosa yuko hapo nje," mama alisema, akiinuka. "Amesimama karibu na dirisha lenu, kajaribu kuingia mara nyingi mguu umekataa. Sikuombei umsamehe, hilo ni lako. Nakuomba umpime. Katika nyumba yetu, huyo ndiye asiyeona."

Akavuta pazia la chumba, akatoka, akamwacha Kibonyeo na ubao wa herufi.

Mpigapicha aliingia akiwa amekonda. Alisimama mlangoni mwa kile chumba akiwa hajui pa kuweka mikono.

"Kaa," Kibonyeo alisema kwa sauti ya kazi. "Kidevu hapa. Paji la uso hapa."

Alizima taa. Alichukua kurunzi yake ndogo, akamsogelea. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo alikuwa hajawahi kuifikiria mara mbili, kumkaribia mtu gizani mpaka pumzi zinakutana, na sasa hakuweza kufikiria kingine.

"Tazama sikio langu."

"La kushoto au la kulia?"

"Unaloliona."

"Lina ile hereni ndogo. Ile uliyosema mwenzake amepotea, halafu tukamkuta kwenye..."

"Usizungumze."

Ndani ya jicho lake, kwenye mwanga wa kurunzi, vishipa vilitanda vyekundu, salama, visivyo na kasoro. Kisha jicho likajaa maji, na hakuona tena kitu.

"Nimewaambia watu wa chai watafute mtu mwingine," mpigapicha alinong'ona. "Hizo za zamani zimeshabandikwa, sina uwezo nazo. Ningekuwa nao ningezibandua kwa kucha."

Kibonyeo alihamishia kurunzi kwenye jicho la pili.

"Na juzi kaja binti mmoja, rika la mdogo wako. Kaniambia, nisafishe niwe kama yule wa chai. Nikashika kipanya, mkono ukagoma. Nikamuuliza, nianzie wapi? Akaanza kutaja. Pua. Mikono. Tumbo. Ngozi. Kidevu. Alitaja, alitaja, mpaka nikaona mbele yangu hakubaki mtu. Nikakukumbuka unashika ukingo wa meza yangu."

"Ukamfanya nini?"

"Nikamwomba asogee dirishani, kwenye mwanga. Nikampiga tu. Alivyoiona alinuna. Halafu akaitazama tena. Akasema ngoja kwanza amwoneshe mama yake. Hajarudi. Sijui kama atarudi."

Alikuwa hajaipamba hadithi hiyo ikaisha vizuri, na kwa sababu hiyo Kibonyeo aliiamini. Aliwasha taa, akamvalisha fremu nzito ya majaribio, akachomeka lenzi. Mpigapicha alionekana kituko, macho yamekuwa makubwa nyuma ya vioo.

"Soma ubao."

"Sitaki ubao."

"Hapa unapimwa. Hii ya kwanza," alibadilisha lenzi, "au hii ya pili?"

"Zote mbili nakuona wewe."

"Mteja, jibu swali."

"Najibu. Unaniuliza naona nini. Naona mwanamke wa mwili wake mwenyewe, ambao nilipewa niupende nikajifanya fundi wa kuutengeneza. Naona mkono huo, ambao ukinishika begani kazini kote kunasahaulika. Naona shingo fupi inayoinama ukiwa na hasira, kama sasa hivi. Naona mashavu ambayo ilinipasa kuyaomba radhi yenyewe, moja moja, kabla ya kumfikia mwenye nayo. La kulia, nisamehe. La kushoto, wewe ndiye niliyekukosea zaidi."

Alisema hayo kwa uso mkavu, akiwa na ule mtambo wa miwani puani. Kibonyeo alijitahidi. Aliuma mdomo kwa ndani, akatazama ubao, akatazama dari. Lakini shavu la kushoto lilikuwa halijawahi kumtii hata siku moja.

"Kimetoka," mpigapicha alisema, akilionyesha shavu kwa kidole.

"Sijakusamehe."

"Najua. Lakini kimetoka."

"Ukinigusa kwenye picha tena, hata unywele..."

"Nikate mkono."

"Sitaki mkono wako ukatwe, naupenda," Kibonyeo alisema, na lilipokwisha kumtoka hakuwa na namna ya kulirudisha. Alimvua zile lenzi polepole, akaweka kiganja kwenye shavu lake lililokonda. "Na wewe ule. Umekuwa kama mtu wa ukutani."

Pazia likafunguka kwa kishindo. Mama, ambaye masikio yake nayo yalikuwa mazima, aliingia na fremu tupu mkononi, akaitupia kwenye kiti, akamkumbatia Kibonyeo. Mikono haikufika kukutana kwa nyuma, basi akaongeza nguvu. Akamtikisa huku na huku, akamwachia, akamtazama usoni, akamkumbatia upya.

"Karibu mkwe wangu," alisema. "Sasa nimempata mwenyewe."

Mpigapicha alikuwa ameshatoa simu mfukoni. Mazoea ni mazoea, na maneno yakamtoka kabla hajafikiri. "Cheka kidogo, mpenzi."

"Sijui kucheka kidogo," Kibonyeo alimjibu, uso wote umefunguka. "Piga hivyo hivyo."